Mpigieni Yeye Kwanza

"Kaa vizuri, binti. Hilo kochi haling'ati mtu," Shangazi alimwambia, kisha akacheka peke yake.

Bi Ratiba alitabasamu, akasogea nyuma kidogo, halafu bila kujua akarudi palepale ukingoni. Mkoba alikuwa ameupakata mapajani kama mgonjwa aliyekuja kliniki mara ya kwanza na hajui ataitwa mlango gani. Miaka yote ya unesi wake, watu ndio waliokaa mbele yake wakitetemeka. Leo zamu ya kutetemeka ilikuwa yake.

Bi Ratiba halikuwa jina lake, bila shaka. Ni jina alilopachikwa na manesi wenzake wa wodi ya watoto, kwa kuwa yeye ndiye mkuu wa wodi na ndiye anayepanga nani aingie asubuhi, nani mchana, nani akeshe. Na kijana aliyekaa kiti cha ng'ambo ya meza, yule mwenye mabega mapana na macho ya mtu aliyenyimwa usingizi, naye alikuwa na lake. Walimwita Bwana Sawa. Ukimwambia shika zamu ya fulani, mwanawe anaumwa: sawa. Ukimwambia usiende nyumbani, wa asubuhi hajafika: sawa. Pale hospitali hakuna aliyewahi kumsikia akijibu vingine.

Bi Ratiba alimpenda mno. Tuseme tu ukweli, maana hapa Matroni, mkuu wa manesi wote, hatusikii. Alimpenda tangu siku alipomkuta amebeba kitoto chenye homa, anazunguka nacho kati ya vitanda, anakiimbia kwa sauti mbovu kuliko zote alizopata kuzisikia, na kitoto kimenyamaza, pengine kwa mshangao. Alisimama mlangoni akamtazama. Kijana akainua macho. Wakatazamana kupita kiasi kinachofaa baina ya mkuu wa wodi na nesi wake, na tangu hapo mambo hayakurudi yalivyokuwa.

Lakini wodi ile ilikuwa na historia. Mkuu aliyemtangulia alikuwa akimpangia mpwa wake zamu za asubuhi tupu, na kila Jumapili nyumbani. Manesi wakagawanyika. Wakawa hawasalimiani, hata kukabidhiana wagonjwa wanakabidhiana kwa mkato, mpaka siku moja dawa ya mtoto ikasahaulika. Mtoto alipona, ila yule mkuu aliondolewa kwa aibu. Bi Ratiba aliipokea wodi akiwa ameapa kwamba kwake hakutakuwa na mtoto wa kuzaa wala wa kambo. Basi alipopenda, akaingiwa na hofu ya kuambiwa anapendelea, na dawa aliyojipatia ya hofu hiyo ilikuwa ya ajabu. Kila penye zamu chungu, alimweka mpenzi wake. Sikukuu, yeye. Kukesha, yeye. Pakitokea pengo la ghafla, yeye. Manesi aliwaachia amri moja fupi: mkikwama, mpigieni Sawa kwanza.

Na kweli, watu hawakusema. Wangesema nini? Kama kule ndiko kupendelewa, kila mmoja wao aliomba achukiwe.

Leo ilikuwa mara ya kwanza tangu wapendane kwa wote wawili kupumzika siku moja, na yote ni kwa sababu ya mwanamke aliyekuwa bado jikoni. "Mama akikukubali, tumemaliza," Bwana Sawa alikuwa amemwambia. "Baba ndiyo hivyo tena, hayupo. Ukoo mzima unafuata neno lake. Akikukataa..." Hakumalizia. Na yeye Bi Ratiba, ambaye maneno yasiyomaliziwa ndiyo yanayomkosesha usingizi, alikuwa ameyamalizia mwenyewe kwa namna nyingi, zote mbaya.

Pazia la jikoni likasogea. Mama akaingia, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Alikuwa fundi cherehani, na nusu ya sebule ile ilikuwa karakana yake: cherehani dirishani, vitambaa vimekunjwa rafuni, pini zimechomekwa kwenye kijimto chekundu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Simama nikuone."

Bi Ratiba akasimama. Mama akamzunguka taratibu, akimpima kwa macho kama kitambaa kinachotaka kukatwa na hakitoshi.

"Bega la kulia limeshuka," akasema.

"Ni mkoba, Mama."

"Si mkoba. Ni kazi. Kitambaa hakinidanganyi, sembuse bega." Akamgeukia mwanawe. "Umesema anafanya kazi gani?"

"Nesi, Mama. Nilikwambia."

"Naye pia! Basi pole, mama, pole sana. Keti. Na huko kwenu mna mnyama kama wa kwao?"

"Mnyama gani, Mama?"

Bwana Sawa alikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu kisicho na ugonjwa wowote, na nesi yeyote angekitambua.

"Huyo mkuu wao wa wodi!" alidakia Shangazi, ambaye raha yake ilikuwa kumaliza sentensi za wifi yake. "Mwanamke hana huruma yule. Mimi sijamwona, lakini namchukia kama namjua."

Bi Ratiba akamtazama Bwana Sawa. Macho ya kijana yalimwomba: nyamaza, tafadhali, nitaeleza. Kumbe hakuwa amesema! Alikuwa amemleta kwa mama yake kama nesi tu, nesi wa mahali fulani, na jina la mkuu wa wodi likabaki la mtu mwingine.

Ndani ya mkoba simu ikatetemeka. Aliibana kwa kiwiko mpaka ikatulia.

"Leo mwanangu nimempokonya simu," Mama aliendelea, akiketi kwenye kiti chake cha kushonea. "Iko humu kwenye droo ya cherehani, na ufunguo uko hapa." Akajipiga kifuani. "Maana simu ile ikilia, mtoto anavaa viatu. Anakula, anavaa viatu. Anaoga, anatoka na povu. Mwanangu, mimi nilizaa mtu, sikuzaa kibiriti cha kila jiko. Hebu muulize hilo kovu kwenye nyusi alilipata wapi."

"Mama, tuyaache hayo," Bwana Sawa alisema.

"Kabati," Bi Ratiba alijibu bila kufikiri. "Aliniambia alijigonga kwenye kabati la jikoni."

"Kabati!" Mama aliipiga meza. "Nyumba hii haina kabati la jikoni. Alikesha, asubuhi wakamwambia abaki, mwenzake hajaja. Akabaki. Kutoka hapo akapanda baiskeli. Nikamsubiri weee, kimya. Nikatoka kumtafuta. Nikamkuta mtaroni, kule kwenye kona, baiskeli iko juu yake, damu inamchuruzika usoni. Nikapiga kelele nikijua amekufa. Unajua alikuwa anafanya nini?"

Bi Ratiba alitikisa kichwa.

"Amelala. Hakuzimia, mwanangu. Amelala usingizi kwenye mtaro, tena anakoroma." Mama alicheka kidogo, na cheko likamgeukia likawa kitu kingine. Akajifuta jicho kwa ncha ya utepe. "Toka siku hiyo namwombea huyo mkuu wao dua moja tu. Naye apate mtu wa kumkosesha usingizi."

Dua hiyo ilikuwa imeshajibiwa zamani, ila mwombaji hakupewa taarifa.

Simu ikatetemeka tena, na tena. Bi Ratiba akainuka, akaomba radhi, akaulizia uani. Nje kulikuwa na jua kali na nguo zilizoanikwa kambani. Akajificha nyuma ya shuka, akapokea.

"Sista! Afadhali!" Ilikuwa sauti ya Kadogo, nesi mdogo kuliko wote wodini, anayeongea kwa kasi ya mtu anayefukuzwa. "Wa mchana hawaji. Mmoja ameteguka mguu, mwingine mwanawe kalazwa. Wote wawili, Sista! Na sisi wa asubuhi tumechoka, na yule mtoto wa oksijeni hajakaa vizuri, na saa nane hiyooo inakuja. Nifanyeje?"

"Tulia. Nipe muda kidogo nitafute mtu. Usimwache yule wa oksijeni."

Alianza kupiga. Wa kwanza alikuwa kwa msusi: nusu ya kichwa imesukwa, nusu imefumuliwa. "Nitawatisha watoto, Sista, wakimbie na dripu zao." Wa pili simu imezimwa. Wa tatu mume kasafiri, watoto amwachie nani? Kwa wa nne ilipokelewa na sauti iliyosema mwenye simu hayupo, na ilikuwa sauti ya mwenye simu.

Hakumlaumu hata mmoja. Hakuwa amewazoesha kuitika. Alikuwa amewazoesha kwamba yupo mmoja anayeitika kwa niaba ya wote.

"Wodi?" Bwana Sawa alikuwa amesimama upande wa pili wa shuka. "Niende?"

Bi Ratiba alivuta shuka pembeni ili amwone. Jua lilikuwa likimpiga usoni, na kovu lile dogo likaonekana waziwazi.

"Uliniambia ni kabati."

"Mpenzi..."

"Nani alikufunga kile kidonda?"

"Wewe."

"Nilikifunga kwa mikono yangu. Nikakuuliza kinauma, ukacheka. Na jioni ile ile nikakupanga ukeshe." Akalikunja pindo la shuka. "Kwa nini hukusema?"

"Ungejilaumu."

"Ningekupumzisha!"

"Ungenipumzisha, watu wakasema. Na wewe hakuna unachokiogopa kama watu."

"Kuliko ninavyoogopa kukupoteza?"

Bwana Sawa akainamisha macho. Akaanza kukinyoosha kibanio cha nguo kilichokuwa kimenyooka.

"Sema tu."

"Mara nyingine, ndiyo. Nilikuwa naona hivyo."

Neno hilo lilimwingia. Hakuwa amesema kwa hasira, na ndiyo maana liliingia ndani zaidi.

"Basi kwa nini uliendelea kuitika sawa, sawa, kila siku?"

"Kwa sababu hatukuwa na mahali pengine," alisema. "Wodini siwezi kukushika mkono. Siwezi kukuita jina. Wewe unaniambia shika zamu ya usiku, mimi nasema sawa. Nilidhani unasikia ninachosema."

Bi Ratiba alitaka kulia, akajizuia, maana si vizuri kuingia kwa mama mkwe na macho mekundu siku ya kwanza. Alitamani amshike pale kwenye nyusi. Mkono ukanyanyuka nusu, ukarudi.

"Na kwa Mama? Umenikalisha pale nisikie nikilaaniwa."

"Nilitaka akupende kwanza. Akishakupenda ndiyo nimwambie."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ni nesi, hujui hilo? Naingia kumwambia sasa hivi."

"Ngoja tule kwanza. Tafadhali. Mtu aliyeshiba hafukuzi mgeni."

"Chakula!" Shangazi aliita kutoka mlangoni. "Au mmeamua kufua hizo nguo upya?"

Walikula. Au tuseme waliokula ni Mama na Shangazi. Wale wengine wawili walikuwa wakihamisha chakula kutoka upande mmoja wa sahani kwenda wa pili. Bi Ratiba alikuwa akisikiliza saa ya ukutani. Alikwisha amua: akimaliza kunawa mikono, atasema. Akishasema, atakwenda yeye mwenyewe kushika zamu. Alikuwa akitafuta tu neno la kuanzia, na kila alilolipata lilikuwa likimkwama.

Hapo ndipo droo ya cherehani ilipoanza kulia.

Bwana Sawa aliinuka nusu.

"Kaa," Mama alisema.

Simu ililia mpaka ikakata. Ikaanza upya. Ikakata. Ikaanza tena.

"Wifi, pokea basi, inatutoboa masikio," Shangazi alisema. "Tena fungua sauti sote tusikie. Mwambie ukweli wake leo."

Mama alinawa kwa utulivu, akatoa ufunguo kifuani, akafungua droo. Bi Ratiba aliiona simu ikitoka, akajua ni nani anapiga, na akajua kwa nini. Kadogo alikuwa amesubiri, saa nane ikamkaribia, hofu ikampanda, na mtu mwenye hofu hufanya alichozoeshwa. Ni yeye aliyemzoesha.

"Bwana Sawa, kaka yangu!" sauti ilijaa sebule nzima. "Njoo, tumekwisha! Wa mchana hawapo wote!"

"Mimi ni mama yake."

"Oh! Shikamoo, mama. Samahani sana, mama. Yupo karibu?"

"Leo anapumzika. Kwani manesi wote wa dunia wamekwisha, mpaka mwanangu tu?"

"Hapana, mama, ni..." Kadogo alivuta pumzi, na huruma ya watoto aliokuwa nao ikamtoa ukweli wote. "Ndiyo amri tuliyoachiwa na mkuu wa wodi. Mkikwama, mpigieni Sawa kwanza. Yule hakatai."

Shangazi alishika kijiko hewani.

"Kwanza," Mama alirudia. "Kabla ya wengine."

"Ndiyo, mama."

"Na huyo mkuu wenu yuko wapi, nimwambie jambo moja kwa mdomo wangu?"

"Bi Ratiba? Naye leo kapumzika, mama. Sijui yuko wapi."

Neno la kuanzia alilokuwa akilitafuta likaja lenyewe.

"Yuko hapa," Bi Ratiba alisema, akasimama. "Ni mimi, Mama. Mwambie."

Wa kwanza kurudiwa na sauti alikuwa Kadogo. "Sista? Sista, ni wewe? Uko kwa kina Sawa? Unafanya nini kwa kina..." Akanyamaza. Halafu, kwa sauti ya mtu aliyeokota dhahabu barabarani: "Aaaah!"

Mama alikata simu. Akaiweka mezani polepole, akaketi, akamtazama mgeni wake kuanzia kichwani mpaka miguuni, na safari hii hakuwa akipima nguo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Mimi fundi wa nguo, nikaambiwa na wazee, na bado sikukagua."

"Mama, naomba nieleze."

"Eleza."

Alieleza. Hakujipamba. Alieleza yule mkuu wa zamani na mpwa wake, na dawa iliyosahaulika, na alivyoogopa wodi kuvunjika tena. "Nikasema nisimpendelee. Nikavuka mpaka. Kila nilipompenda zaidi, nilimwongezea mzigo, ili yeyote asijue. Hata yeye hakuniambia kuhusu mtaro. Lakini sijitetei kwa hilo. Macho ninayo. Nilimwona anavyochoka, na nikamwita bado."

"Kwa hiyo ulikuwa unanunua jina lako zuri kwa usingizi wa mwanangu."

"Ndiyo, Mama."

Shangazi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuwa na la kumalizia.

Mama alimgeukia mwanawe. Macho yalikuwa yamejaa. "Nimekulea peke yangu. Nimekushonea kila nguo uliyovaa mpaka ulipoota ndevu. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Leo nakuomba. Mwache huyu. Mapenzi ya namna hii yatakuua, mwanangu. Mwache, nitakutafutia wa kukuhurumia."

Bi Ratiba alifumba macho. Alilijua jibu. Wodi nzima ilikuwa ikilijua. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba kitu kijana huyu akajibiwa vingine, na anayemwomba sasa ni mama yake.

"Hapana," Bwana Sawa alisema.

Bi Ratiba alifumbua macho.

"Umesemaje?" Mama aliuliza.

"Nimesema hapana, Mama." Sauti ilikuwa ndogo, lakini hakuyaondoa macho yake kwa mama yake. "Simwachi. Unisamehe. Hilo siwezi kuliitikia."

Mama alimkodolea macho. Kisha uso wake ukafanya kitu kisichoeleweka, katikati ya kilio na kicheko.

"Kumbe neno hilo unalijua!" akapaza sauti. "Mtoto wewe! Kumbe unalijua! Sasa kwa nini hukulipeleka kazini? Mwaka mzima unatembea nalo mfukoni, unalitunzia mama yako?"

Shangazi alipasuka kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga, akaendelea kucheka mabega yakimtikisika. Bi Ratiba hakucheka. Machozi yalikuwa yakimshuka waziwazi, naye hakuyafuta, maana alikuwa ameshatoa simu.

"Unampigia nani?" Mama aliuliza.

"Matroni. Kabla Kadogo hajamfikia."

"Fungua sauti, basi. Nyumba hii leo haina siri."

Matroni alipokea kwa sauti ya mtu asiyependa kusumbuliwa wakati wa chakula. Bi Ratiba alimweleza pengo la wodi. "Na kuna jingine, Matroni. Kwenye wodi yangu yupo mtu ambaye sistahili kumpangia zamu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nataka kuolewa naye."

Shangazi akainama kuangalia kama simu haijakata.

"Sawa?" Matroni aliuliza hatimaye. "Yule unayemkomoa kila wiki?"

"Huyo huyo."

"Mapenzi ni kikohozi, wanasema. Ya kwako yalikuwa pumu." Akashusha pumzi. "Unajua kwamba wodi hiyo utaiacha. Mmoja lazima ahame, na mkuu ndiye anayehama."

Bi Ratiba aliitazama sebule. Aliijenga wodi ile kwa mikono yake. Aliwajua watoto wake kwa sauti za vikohozi vyao. Ilimuuma, ilimuuma kweli, na hakutaka kujifanya haikumuuma. "Najua, Matroni."

"Tutaongea kesho. Saa nane nani anaingia?"

"Mimi."

Alipokata tu, ujumbe ukaingia, kutoka kwa yule wa kwa msusi: *Nimesikia uko kwa mama mkwe!!! Nimefunga kitambaa kichwani, nakuja zamu. Lakini utanihadithia YOTE.* Kadogo hakuwa amepoteza hata dakika. Bi Ratiba alisoma kwa sauti, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. Pengo lililoshindwa kuzibwa na kubembeleza lilikuwa limezibwa na umbea.

Bwana Sawa alikuwa ameshainuka, anatafuta viatu chini ya kochi.

"Kaa!" Mama na Bi Ratiba walisema kwa pamoja.

Wakatazamana, wanawake wawili, kila mmoja akishangaa neno lake katika kinywa cha mwenzake.

"Sawa," alisema Bwana Sawa, akaketi.

Bi Ratiba akauchukua mkoba, safari hii kwa bega la kushoto. "Kalale," alimwambia kijana, na mbele ya mama yake na shangazi yake akanyoosha mkono, akaligusa lile kovu kwa ncha ya kidole. Kijana akafumba macho. Alikuwa amechoka sana, maskini, na alipofumba ikaonekana wazi.

Bi Ratiba alikuwa ameshafika mlangoni akivaa viatu, moyo umejaa hofu. Hakuwa ameambiwa ndiyo. Hakuwa ameambiwa hapana. Aliogopa kugeuka kuuliza. Nyuma yake alisikia vyombo vikigongana jikoni, kisha hatua za Mama.

"Shika."

Lilikuwa bakuli lenye kifuniko, bado la moto, limefungwa kwa kipande cha kitambaa kilichokatwa vizuri.

"Hukula. Nilikuwa nakuona. Mtu hawezi kuuguza watoto wa watu na njaa." Mama hakuwa akitabasamu. "Mwanangu sijakupa. Tuelewane. Bado nina hasira na wewe, na mimi hasira zangu hukaa."

"Ndiyo, Mama. Asante, Mama. Bakuli nitampa mwanao alirudishe..."

"Usimtume mwanangu!" Mama alimnyooshea kidole. "Umeshamtuma vya kutosha. Bakuli langu ulilete wewe mwenyewe, kwa mikono yako, tuketi tuyamalize. Na siku hiyo simu yako nayo itaingia kwenye droo."

"Sawa, Mama," alisema Bi Ratiba. Akalikumbatia bakuli la moto kifuani, akashuka ngazi mbiombio kuiwahi saa nane.